Kioo Kinachoshuka Chenyewe

Muhdhar alikuwa na hakika kwamba alikiacha kioo juu. Alikiacha kwenye jino la juu kabisa la stendi yake, mahali pa kujitazama mwanamke aliyesimama wima na viatu vyake virefu, akafunga karakana kwa kufuli, akaenda kuswali adhuhuri. Aliporudi alikikuta kimeshuka mpaka chini. Hakikuanguka. Kilishuka jino baada ya jino, na ule ulimi wa mbao unaokishikilia ulikuwa umekaa barabara kwenye jino la chini kabisa, kana kwamba kuna mtu aliyekishusha kwa mkono na kwa adabu zake. Tena kilikuwa kimeinama. Kilitazama sakafu. Mtu wa kukihitaji kioo cha namna hiyo lazima awe amelala chali.

"Ulimi umelegea," Muhdhar alijiambia, akatwaa tupa na kuuchonga upya.

Fundi ndivyo alivyo. Akiona jambo asilolielewa hulitafutia tupa. Lakini Muhdhar alikuwa na sababu nyingine ya kutotaka kulifikiria sana jambo lile, na sababu hiyo aliijua yeye na Mola wake tu.

Stendi ile alimtengenezea binti yake, Hadia. Hadia alikuwa mpambaji wa maharusi, na kisiwani hapakuwa na aliyetafutwa kama yeye: leo Shela, kesho Matondoni, keshokutwa yumo kwenye boti ya Faza na mkoba wake wa hina, poda na wanja. Shida yake ilikuwa kioo. Bibi harusi hutiwa hina amekaa mkekani, hupakwa rangi za uso amekaa kitini, na akishavaa husimama ajione mzima. Kioo cha ukutani hakibebeki. Cha mkononi humwonesha mtu pua peke yake. Na vile vya plastiki vya madukani vilikuwa vikivunjika shingo kwenye boti kabla safari haijafika nusu.

"Baba, nitengezee kioo kinachokwenda na mimi," Hadia alimwambia siku moja wakila. "Kipande, kishuke, na nikimaliza nikikunje nikitie kwapani."

Ombi hilo lilimwingia Muhdhar mpaka kwenye mifupa, maana alikuwa baba wa binti mmoja, na fundi mwenye kupenda kusifiwa. Wazo la kukunja alilipata kwenye marfaa, kile kiweko cha Msahafu kinachochongwa kwa ubao mmoja kikafunguka miguu miwili bila msumari hata mmoja. Juu ya miguu hiyo alisimamisha mti wenye meno, na kioo ndani ya fremu yake kikawa kinapanda na kushuka kwenye meno hayo, ulimi ukilia tka, tka, tka kila jino linapopita. Kwenye karatasi ilikuwa stendi ya kupendeza. Kwenye mbao ilikuwa balaa. Mti wa mwembe ulipinda. Mbao laini za dukani zilivimba kwa hewa ya chumvi, ulimi ukagoma kuingia kwenye meno. Alihitaji msaji, na si msaji mpya. Alihitaji ule wa zamani, uliolowa ukakauka, ukalowa ukakauka, mpaka ukachoka kuvimba.

Na msaji huo ulikuwapo. Ulikuwa umeegemea ukuta wa karakana yake mwenyewe.

Ulikuwa ubao wa kuoshea maiti. Bwana Mselem, mtunzaji wa msikiti wa mtaa wao, aliuleta kutengenezwa kwa kuwa mguu mmoja ulikuwa umelegea. Ulikuwa ubao wa waqfu, uliotolewa na mtu ambaye hata jina lake lilikwisha kusahaulika. Ukitokea msiba hutolewa msikitini ukapelekwa kwenye nyumba ya wafiwa, na kazi ikiisha hurudishwa. Babake Muhdhar alioshwa juu yake. Mamake pia. Na mali ya waqfu haiuzwi, haitolewi zawadi, haibadilishwi. Hilo hata mtoto wa chuoni anayeanza alifu kwa kijiti analijua. Muhdhar alilijua vizuri zaidi ya mtoto wa chuoni, na ndiyo maana hakuomba ruhusa. Angeomba, angekataliwa.

Alichonga ubao mwingine wa mbambakofi, akauchimba mifereji ile ile ya kuteremshia maji, akaupaka mafuta na chai iliyokolea na masizi mpaka ukafanana na ule wa kwanza, akaupeleka msikitini. Bwana Mselem aliupapasa, akamwombea dua ya baraka mikononi mwake. Siku hiyo hiyo Muhdhar aliupitisha msumeno kwenye ule wa zamani.

"Maiti hana hasara," alijiambia huku vumbi la msaji likimwingia puani. Alilisema mara ya pili, kwa sauti kubwa kidogo, na alipoona analisema mara ya tatu akanyamaza kwa aibu.

Hadia aliipokea stendi kwa vigelegele. Aliipandisha, akaishusha, akaikunja, akazunguka nayo ua mzima imo kwapani, akambusu babake mikono yote miwili. Bi Ummu, mamake, alisema sasa mume wake ameonesha kuwa ni fundi. Muhdhar alicheka, lakini mkono uliobusiwa ulikuwa ule ule ulioshika msumeno.

Magharibi ya siku hiyo, wakati taa zinawashwa, wote watatu walikuwa uani. Kutoka ndani ya chumba cha Hadia ilisikika sauti ndogo.

Tka.

Kisha kimya kirefu kidogo. Kisha tka nyingine.

"Paka huyo," Muhdhar alisema upesi kabla hajaulizwa.

Kazi ya kwanza ya stendi ilikuwa Matondoni, kwa bibi harusi aitwaye Huwaida. Msichana alikuwa amekaa mkekani, ameogeshwa, amepakwa mafuta, amefukizwa udi, amefunikwa leso nyeupe mabegani hina isimchafue. Hadia alikiweka kioo mbele yake. Wanawake wengine walikuwa jikoni wakipika, na chumbani walibaki wao wawili tu. Hadia alikuwa ameinamia kiganja cha Huwaida, anachora ua, aliposikia harufu ya majani ya mkunazi yaliyopondwa majini. Hakuijali. Nyumba ya harusi haikosi harufu.

"Da Hadia," Huwaida alinong'ona, "huyu alokaa nyuma yangu ni nani?"

"Hapana mtu nyuma yako."

"Yuko. Namuona kiooni. Mbona amelowa? Amekunda mikono ya nguo kama ataka kufua."

Hadia alitazama nyuma ya bibi harusi. Palikuwa na ukuta na mto. Alitazama kioo, akamwona Huwaida peke yake, amekauka midomo.

"Asema nifumbe mato," alisema Huwaida, na macho yake yakaanza kujifumba, na hapo hapo ulimi ukalia tka, kioo kikashuka jino moja, tka, kikashuka jingine, na msichana akawa analala nyuma polepole kwa kadiri kioo kinavyoshuka, mikono yake yenye hina mbichi ikijinyoosha ubavuni. Hadia aliikunja stendi kwa nguvu akaitupa nje ya mlango. Huwaida akafumbua macho, akalia, akaomba maji ya kunywa.

Hadia alimsimulia babake jioni, sauti imempungua.

"Maharusi hawali wakashiba," Muhdhar alimjibu. "Kizunguzungu hicho."

"Na mkunazi, Baba? Harufu ya mkunazi niliinusa mimi, na mimi nalikula."

Muhdhar alijua majani ya mkunazi hupondwa kwa kazi gani, na kila mtu Lamu anajua: ni ya maji ya kuoshea maiti. Moyo ulimwambia: sema. Lakini ulimi wake yeye haukuwa na jino la kukaa. Alisema ataichunguza stendi kesho, akainuka akaenda kuswali isha, na alipokuwa kwenye sijda hakuweza kukumbuka amesoma sura gani.

Jambo la pili lilitokea mchana, baada ya chakula, saa ambazo mji mzima hulala. Bi Ummu alikwenda kumwamsha Hadia wasuke ukili, akamkuta amelala chali, amenyooka, uso umeelekezwa kibla. Hadia hakuwa mtu wa kulala chali tangu utotoni mwake. Stendi ilikuwa imefunguliwa kando ya kitanda, nayo iliachwa imekunjwa juu ya kabati, na kioo kilikuwa kimeshushwa mpaka kimefika juu ya uso wake, kimeinama kinamtazama. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, na Bi Ummu alipojaribu kuyafumbua kwa vidole hayakufumbuka. Alisoma Ayatul Kursiyu mpaka sauti ikamkauka, ndipo kope zikaachana.

"Kuna mtu alinipitisha mkono usoni," Hadia alisema. "Mkono wa maji."

Siku iliyofuata alikutwa vivyo hivyo, na safari hii taya lake lilikuwa limefungwa. Utepe wa leso yake mwenyewe ulipita chini ya kidevu ukapanda masikioni, na fundo likakaa juu ya utosi, fundo dogo, safi, la mtu aliyelifunga mara nyingi. Bi Ummu alilifungua, akamwita mumewe, akamwonesha utepe. Walikuwa wamekwisha kuwafumba macho wazee wao na kuwafunga taya, kila mmoja wao wazee wake.

Hapo ndipo Muhdhar alipopata wa kumlaumu. Kioo chenyewe, kile kigae, alikinunua kwa Bwana Husni, mwuza vitu vya kale. Alitoka mbio, akamkuta Husni dukani kwake, akamsomea mashitaka mbele ya watu: umeniuzia kioo cha maiti, umeniingizia shetani nyumbani.

Husni alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Bwana Muhdhar," alisema, na machozi yalikuwa karibu, "kioo kile kilikuwa cha mamangu. Sote tumekulia mbele yake, tukichana nywele za kwenda chuoni. Nalikupa wewe kwa kuwa nayua hutakiharibu."

Mtu mwenye haki angeomba radhi. Muhdhar alirudi nyumbani, akachukua nyundo, akakivunja kile kioo mpaka vipande vikawa vidogo kama chumvi ya mawe. Fremu hakuigusa, wala miguu, wala ule mti wenye meno. Alijiambia shari ilikuwa kwenye kigae. Mkono wake, hata hivyo, ulikuwa ukijua pa kutopiga.

Basi mchana uliofuata, Bi Ummu akiwa amekaa mlangoni pa chumba kumlinda mwanawe, amesinzia kidogo tu, kwa muda wa mtu kupiga miayo miwili, alishtushwa na tka, akafungua macho, akasikia tka nyingine, akabaki pale pale akiitazama fremu tupu, isiyo na kioo wala kitu, ikishuka jino kwa jino juu ya mwanawe aliyenyooka, ikiinama, ikitulia, na ndani ya utupu wa fremu hiyo matone ya maji yakaanza kudondoka kutoka mahali pasipokuwa na maji, yakimdondokea Hadia kwenye paji la uso, kisha kifuani, kwanza upande wa kulia, kisha upande wa kushoto, kwa utaratibu ule ule wa kuosha maiti. Alipopata sauti alipiga yowe lililowatoa majirani.

Hadia hakuamka. Vidole gumba vya miguu yake vilikuwa vimefungwa pamoja kwa uzi. Walipoukata uzi hakuamka. Walipomwita, walipomsomea, walipomkamulia ndimu mdomoni, hakuamka. Pumzi ilikuwapo, ndogo, ya kutafutwa kwa mgongo wa mkono. Ngozi ya vidole ilikuwa imekunjamana kama ya mtu aliyefua kutwa. Chini ya kitanda palituama maji, na chumba kizima kilinuka mkunazi.

Bi Ummu alituma mtu kumwita Bi Umulkheir. Huyu alikuwa ndiye mwosha wa maiti wa kike katika mtaa, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, na watu walimwita pia kwa mambo ya majini, kwa kuwa anayeshika maiti kila siku haogopi. Alifika na chetezo chake cha ubani. Alisimama mlangoni, akavuta hewa puani mara moja, akarudi nyuma hatua.

"Mbona mmenita kuosha," aliuliza, "na mwana bado yu hai?"

"Hatukukuita kuosha, Bi," alisema Bi Ummu. "Tumekwita umuamshe."

Bi Umulkheir aliingia. Aligusa macho ya Hadia, taya, miguu, akatazama maji ya chini. Alipowageukia wazazi uso ulikuwa umembadilika.

"Kuna mtu yuwamtengeza mwana wenu," alisema kwa kunong'ona. "Hatua kwa hatua, kama nifanyavyo mimi. Mato, taya, miguu, sasa mai ya mkunazi. Yakisha haya huya mai ya mwisho, ya kafuri. Mukisikia harufu ya kafuri humu ndani, nileteeni sanda, kwani tena sina dawa."

Bi Ummu alijifunika uso kwa mtandio. Bi Umulkheir alimtazama Muhdhar.

"Na mimi nina jambo la kukuuliza, Bwana Muhdhar. Tangu uturudishie ule ubao wa msikitini, sioshi kwa raha. Mai hayateremki, yatwama. Maiti hatulii juu yake. Ule ubao ulorudisha, ndio ule ule?"

Jibu lilikuwa neno moja tu. La, Bi. Hata mtoto angeweza kulitamka. Lakini Muhdhar aliona mbele yake Bwana Mselem na dua yake, aliona baraza zote za mtaa zikigeuka kumtazama, aliona jina alilolijenga miaka yote likisombwa kama taka za mvua.

"Ndio ule ule, Bi," alisema.

Bi Umulkheir aliwasha ubani, akafukiza pembe zote za chumba, akakaa kichwani pa Hadia na kuanza kusoma, na alisoma mpaka midomo ya msichana ikatikisika. Sauti iliyotoka haikuwa ya Hadia. Wala haikuwa kali. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeshughulika, aliyesumbuliwa katikati ya kazi.

"Niwateni nimalize."

"Wewe ni nani?" aliuliza Bi Umulkheir.

"Mwosha."

"Mwosha ni mimi."

"Wewe hushika mwili. Mimi hushika kitwa, mai yasimwingie puani. Hukunijua, lakini tumefanya kazi pamoja. Kisha nikatolewa. Nikawekwa mbele ya wasichana. Waletwa wameshaogeshwa, wamepakwa mafuta, wamefukizwa udi, wamefunikwa nguo nyeupe. Mimi nitayuaje kama si maiti? Nikaletewa, nikafanya."

"Huyu yu hai. Muwate."

"Nitamwata. Sina ugomvi naye. Lakini siwezi kuondoka kazini kwa fukizo. Alonitoa na aseme amenitoa. Aseme mbele ya wenye ubao, anirudishe. Asiposema, hii ndiyo kazi yangu, na mai yako tayari."

Midomo ya Hadia ikafunga. Bi Umulkheir alikizima chetezo kwa mkono wake. "La kuvunda halina ubani," alisema, hakumtazama mtu. Bi Ummu ndiye aliyemtazama mumewe, kwanza kwa kutoelewa, kisha kwa kuelewa nusu. Kwa bahati ya Muhdhar, au kwa bahati yake mbaya, adhana ya alasiri ikapigwa, naye akatoka mbio kama mtu anayewahi swala.

Aliswali safu ya mbele. Aliazimia: imamu akitoa salamu nitasimama. Imamu alitoa salamu. Muhdhar akapiga goti moja, akawa karibu kusimama, na Bwana Mselem, ambaye alikuwa mtu mwema mno, akamshika bega.

"Mwanao hajambo? Twamuombea. Mtu alotengeza ubao wa maiti za Waislamu kwa mikono yake, Mungu hamtupi." Kisha akawageukia wengine. "Semeni amina, jama'a."

"Amina," walisema.

Muhdhar alikaa tena. Alisema amina na yeye. Nitasema magharibi, aliwaza, watu wakiwa wengi zaidi, na hata yeye alijua uongo huo ni wa namna gani. Mficha uchi hazai. Alitoka, akavaa viatu, akapita kwenye vichochoro akisalimiwa na kuombewa dua kila baraza, na kila dua ilimchoma kwa namna yake, mpaka akafika kwake, akausukuma mlango.

Harufu ilimkuta kizingitini. Baridi, nyeupe, kali puani. Kafuri.

Ndani Bi Ummu alianza kupiga kelele.

Muhdhar aliruka mpaka chumbani, hakumtazama mwanawe, aliogopa kumtazama, aliing'oa ile fremu iliyokuwa ikidondosha maji, akaibana pamoja na miguu yake na mti wake wa meno kifuani, akatoka bila viatu, akapita vichochoro vile vile akikimbia, akigonga kuta za mawe kwa mabega, huku ulimi wa mbao ukilia tka, tka, tka kifuani mwake kila anapokanyaga, na maji yakimtiririka tumboni, ya baridi, na ile harufu ikimfuata au yeye akiifuata, hakujua tena, mpaka akafika msikitini ambapo watu walikuwa bado wamekaa barazani wakizungumza, akaitupa stendi miguuni pao na kupiga ukelele kama mwendawazimu:

"Huu ndio ubao wenu! Mimi niliukata! Ule mlio nao ni wa uongo, niliupaka chai na masizi. Niliiba waqfu, nikaiba kwa maiti, nikasema maiti hana hasara. Bwana Mselem, si amina! Usiniombee! Nimekudanganya. Nimemdanganya Bi Umulkheir leo, huku mwanangu yuko mbele yangu anakufa!"

Hakuna aliyeinuka. Kijana mmoja, Yassir, aliyekuwa amekaa pembeni, ndiye aliyesema kwanza, polepole.

"Mamangu alifia mikononi mwetu mwezi huu. Alioshwa juu ya ule wako mpya. Mai yakatwama, akalala majini kama nguo."

"Nisamehe, Yassir."

"Nenda kwanza kwa mwanao," Yassir alisema, na kuutazama ukuta. "Yangu nitakwambia siku nyingine."

Bwana Mselem aliviokota vipande mwenyewe. Waliutoa ule ubao wa mbambakofi nje, wakavipanga vipande vya msaji sakafuni mahali pake, mguu na mguu, fremu na mti wake wa meno. Havikutimia. Sehemu nyingine ilikwisha kuwa unga wa msumeno, na kati ya kipande na kipande palibaki nyufa za kupitisha kidole. Lakini Bwana Mselem alipoweka kipande cha mwisho na kusema, "Waqfu umerudi, wenyewe tumepokea," kila aliyekuwapo alisikia kitu kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kubeba mzigo, na maji yaliyokuwa yamelowesha kanzu ya Muhdhar yakakauka papo hapo, yakaacha chumvi.

Aliporudi nyumbani hakukimbia. Aliogopa. Alisimama nje ya chumba akisikiliza, akasikia kijiko kikigonga kikombe.

Hadia alikuwa amekaa kitandani, ameegemea ukuta, mamake akimnywesha uji. Rangi ilikuwa imemrudia. Vidole vilikuwa bado vimekunjamana, lakini vilishika kikombe vyenyewe. Bi Umulkheir alikuwa amekwisha kuondoka bila kumngoja mwenye nyumba.

Muhdhar aliingia, akapiga magoti kando ya kitanda, akalia kwa sauti, kilio cha mtu mzima ambacho hakina uzuri wowote. "Nimesema, mwanangu," alirudia. "Nimesema mbele yao wote. Nimewarudishia. Alhamdulillahi, nimesema."

Hadia alimngoja anyamaze. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha.

"Nalikuwa nasikia, Baba," alisema. "Mtu akilazwa vile husikia yote. Yule mwosha hakuniudhi. Nalimuuliza ataniwata lini, akaniambia, babako ayua. Akisema tu, nakuwata. Nikatulia. Kisha nikamsikia Bi Umulkheir akikuuliza."

Alinywa uji kidogo, akameza kwa shida.

"Nikafurahi, Baba. Nikasema moyoni, sasa atasema."

Muhdhar alinyoosha mkono aushike wa mwanawe. Hadia alikuwa ameushika mkono wa mamake, na wa pili ulikuwa na kikombe.